Kweli au Si Kweli: Datsun ya Safari Mezani Kwako

Pasaka ya mwaka 1971, Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 ubavuni ilishinda East African Safari Rally, ikiendeshwa na Edgar Herrmann huku Hans Schüller akimsomea ramani. Ya pili ilikuwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Gari lile lililoshinda lipo Japani hadi leo, katika hifadhi ya Nissan, na kampuni ya Hasegawa ya hukohuko imelitoa kama seti ya vipande vya plastiki kwa kipimo cha 1/24. Ukifungua sanduku unakuta vipande vimeshikiliwa kwenye fremu zake, vioo, tairi, karatasi ya stika na maelekezo. Gundi na rangi utajitafutia.

Kabla mtu hajakata kipande cha kwanza huwa ameshashauriwa mengi na watu wasiojua. Nimeyachukua madai yanayorudiwa sana na kuyapima, mara kwa mara kwa namba moja, 24. Gari halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi, kwa hiyo mezani linakuwa na sentimita 17. Upana, unene, hata chembe ya vumbi, vyote vinapitia mgawanyo huohuo, na makosa mengi ya wanaoanza yanatokana na kusahau kugawanya.

"Huu ni mchezo wa watoto."

Si kweli. AMT ya Marekani ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza vigari vya kuwekwa kwenye maduka ya magari ya Ford, ili mteja aone umbo na rangi. Mwaka 1958 kampuni hiyohiyo ikaanza kuuza seti ambazo mnunuzi angeweza kuziunda kwa njia tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililobadilishwa, au gari la mashindano. General Motors nao, kuanzia 1930 hadi 1968, waliendesha Fisher Body Craftsman's Guild, ambamo vijana walishindania fedha za masomo kwa vigari walivyobuni na kuchonga wenyewe. Baadhi yao waliishia kuwa wabunifu wa magari ya kweli. Na pale Shizuoka, Japani, Shunsaku Tamiya alinunua Porsche 911 nzima katika miaka ya 1970 akaifungua kipande kwa kipande ili kampuni yake ipate vipimo sahihi. Kuifungua waliweza. Kuirudisha ilibidi waitwe mafundi wa Porsche.

"Super glue inashika kila kitu."

Kushika inashika, lakini hapa si gundi yake. Plastiki ya seti hizi ni polistairini, na gundi ya modeli haikai katikati ya vipande viwili kama gundi ya kiatu. Inayeyusha nyuso zote mbili, zinaingiana, kisha kiyeyushi kinaruka hewani na kuacha kitu kimoja. Kwa hiyo wingi wa gundi hauongezi nguvu. Unayeyusha kipande kisichotakiwa kuyeyuka. Unganisha vipande vikiwa vikavu, gusa ufa kwa brashi nyembamba yenye gundi ya modeli ya majimaji, na ufa wenyewe utaivuta ndani.

Super glue ina dhambi nyingine: mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya vioo, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Vioo vipachikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani.

"Plastiki mpya ni safi, ipake rangi moja kwa moja."

Si kweli. Inatoka kwenye kalibu ikiwa na mabaki ya mafuta ya kuitenganisha. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, iache ikauke, ndipo ushike praima.

"Bila kompresa na bunduki ya rangi, usijisumbue."

Hili ndilo limewakatisha tamaa wengi, na si kweli. Kopo la rangi ya kupuliza linatosha kabisa kwa bodi ya gari, tena bodi ya rangi mbili kama hii. Tatizo halisi ni unene, na hapo ndipo 24 inapouma.

Tazama mstari wa mlango. Kwenye gari halisi, nafasi kati ya mlango na bodi ni kama milimita 5. Gawa kwa 24: milimita 0.2. Sasa chukua safu ya rangi yenye unene wa milimita 0.1, ambao ni wa kawaida kwenye gari la barabarani, uiweke kila upande wa mfereji huo. Mfereji umefungwa. Mlango umetoweka, umebaki mchoro hafifu, na kigari kinaonekana kama kimechovywa kwenye uji. Ndiyo maana mafundi wa modeli wanapitisha mgongo wa kisu kwenye mistari ya milango na boneti kabla ya kupaka chochote, ili kuizamisha zaidi. Kisha wanapuliza safu nyembamba kadhaa badala ya moja nzito: ya kwanza kama vumbi tu, plastiki ikiwa bado inaonekana chini yake, na ya mwisho ndiyo yenye unyevu wa kung'aa.

Anza kupuliza kabla kopo halijafika kwenye bodi na acha likishapita. Ukianzia au ukikomea juu ya boneti, hapo ndipo rangi inapotiririka. Kopo likikaa kwanza kwenye maji ya vuguvugu linatoa rangi laini zaidi. Nasema vuguvugu. Kopo la kupuliza halikaribii moto, na anayepuliza awe nje akiwa amevaa barakoa ya fundi rangi.

Anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ana adui mmoja zaidi. Kiyeyushi kinaporuka kinapoza uso wa rangi, na siku yenye unyevu mwingi unyevu wa hewani unageuka matone ya maji juu yake kabla haijakauka. Matokeo ni wekundu uliopauka kama umepakwa unga. Kama mvua imetoka kunyesha, weka kopo chini ufanye kazi nyingine.

"Rangi ya gereji ni ileile."

Nusu kweli. Rangi yenyewe inafaa na mara nyingi ni rahisi kuipata, lakini thina yake inakula polistairini. Inahitaji praima chini yake na mpulizo mwepesi. Ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki. Ikikunjamana hapo, umeokoa bodi.

"Fuata maelekezo namba kwa namba."

Nusu kweli pia. Maelekezo yanajua kipande gani kinaingia wapi. Hayajui kwamba hutaweza kufikisha brashi nyuma ya usukani ukishafunga dashibodi. Yasome yote kabla ya kukata, kisha panga kazi kwa rangi: vya rangi nyeusi pamoja, vya fedha pamoja. Na bodi ijaribiwe juu ya chasisi bila gundi, mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

"1/24 na 1/25 ni kitu kimoja."

Si kweli. Viwanda vya Marekani vilipenda 1/25, vya Japani 1/24. Kwa Datsun hii tofauti ni milimita 7 za urefu, nyingi mno kwa bodi ya seti moja kukaa kwenye chasisi ya nyingine. Lakini rimu na viti unaweza kuviazima bila mtu kukushtukia.

"Sehemu zinazong'aa ni za chuma."

Ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba sana wa alumini. Gundi haishiki juu ya utando huo, kwa hiyo ukwangue pale panapounganika. Ukitaka uondoke wote, loweka kipande kwenye dawa ya klorini ya kufulia.

"Kukibadilisha kiwe chako kunahitaji vipuri vya kuagiza."

Si kweli, na nchi ambayo watoto wake huunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona haipaswi kuliamini dai hili hata kidogo. Chukua antena. Ya kweli ina unene wa milimita 5 hivi, kwa hiyo unahitaji uzi wa plastiki wa milimita 0.2. Huna haja ya kuununua, unavutwa. Kata kipande cha fremu, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa bila kuugusa, hadi katikati kilegee na kuanza kung'aa. Kitoe kwenye moto, subiri kidogo, kisha vuta mikono pande mbili. Ukivuta haraka unapata unywele, ukivuta polepole unapata waya. Ushike umenyooka hadi upoe, kata, umepata antena.

Mkanda wa kiti una upana wa sentimita 5 kwenye gari, basi kata utepe wa karatasi ya kuzibia rangi wenye milimita 2, kisha uupake rangi. Kwa vile vikinga-matope vinavyoning'inia nyuma ya tairi, wengi hukimbilia tyubu ya baiskeli kwa sababu ni mpira kweli. Pima: tyubu yenye unene wa milimita 1 inakuwa ubao wa sentimita 2.4. Plastiki ya kifuniko cha mtindi inafaa kuliko mpira wa kweli.

"Tope la kweli ndilo bora."

Linavutia, na si kweli. Nimeona kigari cha Safari kilichopakwa udongo halisi mwekundu, mwenyewe akijivunia kuwa ameuchota barabarani. Chembe ya mchanga mwembamba ya milimita 0.2 inasomeka kama kokoto ya milimita 5. Ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 2.4 lililonata mlangoni. Gari lilionekana limepigwa mawe.

Tumia chaki laini za kuchorea. Zisugue kwenye msasa, changanya wekundu, kahawia na kijivu kidogo, chekecha unga kwa soksi ya nailoni, uupake kwa brashi kavu na kuushika kwa vanishi isiyong'aa. Rangi moja haitoshi, kwani mwaka 1971 magari yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, na udongo haufanani njia nzima.

Zaidi ya rangi, fikiria tope linakuja kutoka wapi. Tairi ndiyo inayolirusha, kwa hiyo linakuwa zito nyuma ya magurudumu na chini ya milango, na linapungua kuelekea paani. Vumbi ni jingine: linafyonzwa na hewa nyuma ya gari na kutanda juu ya taa za nyuma. Kioo cha mbele kina mapito mawili safi ya waipa. Yazibe kwa karatasi iliyokatwa umbo hilo kabla ya kupaka vumbi, kisha uibandue. Hakuna kitu kingine kidogo kwenye kigari hiki kinachomfanya mtazamaji asogeze uso karibu kiasi hicho.

"Lazima kifanane na gari lililoshinda."

Inategemea stika. Tangu seti za 1958 mnunuzi amekuwa na ruhusa ya kuunda anachotaka, na 240Z ya bluu yenye rimu pana na bila taa za ziada ni modeli halali kama nyingine yoyote. Lakini ukishabandika namba 11 umetoa dai la kihistoria: hili ni gari la Herrmann, Pasaka ya 1971. Hapo boneti iwe nyeusi, na bodi isiwe laini kama imetoka dukani, maana gari lenyewe bado lina mibonyeo liliyoipata barabarani. Ukitaka uhuru wako, bandika namba nyingine.