Ijaza ya Mwalimu wa Skuli

Wazee wetu wa Unguja hawakumkalia mtu darsa kwa kuwa tu ana kitabu mkononi. Waliuliza kwanza ijaza yake ameipokea kwa nani. Skuli za Serikali nazo zastahiki swali hilo. Mwaka 2018 Bunge lilitunga Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu kwa Tanzania Bara, ili mwalimu asajiliwe na kupewa leseni. Lakini leseni ni karatasi tu ikiwa maandalizi ni haba. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza Hesabu na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, ilhali walimu wenyewe walisoma msingi kwa Kiswahili. Mtoto wa Paje, ambaye mama yake hushinda pwani akilima mwani apate kumnunulia daftari, hukariri asichokifahamu. Na mwalimu naye huipita upesi mada inayomlemea. (Si uvivu huo, ni haya.) Vituo vya walimu, kama kile cha Kitogani, vipo kwa ajili hiyo. Basi katika kikao cha skuli, yakishazungumzwa madawati na mapaa, mzazi na aulize: mwalimu wa mwanangu alihudhuria mafunzo lini, na nani aliketi darasani kumsikiliza akisomesha?