Sifuri ya Kazi: Mahali Fundi Anapoiambia Mashine Ianzie

Kusini-mashariki mwa Lubumbashi, karibu na mpaka wa Zambia, kuna mahali panapoitwa Tshinsenda. Wapimaji wa ardhi walipoweka mfumo wa ramani unaojulikana kama Katanga 1955, waliteua nukta moja hapo, Tshinsenda A, kwenye nyuzi 12 na dakika 30 kusini, nyuzi 28 na dakika 1 mashariki. Kilima, mgodi au reli iliyochorwa kwa mfumo huo ilipata namba zake kwa kuhesabu kutoka kwenye msingi huo. Kama nukta hiyo ingekosewa kwa mita kumi, Katanga yote ingehama mita kumi kwenye karatasi, hata kama umbali kati ya kilima na kilima ulipimwa vizuri.

Karakana nayo ina Tshinsenda yake. Vijana wanaoanza kuendesha mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, hudhani ugumu wote umo katika kuandika programu. Lakini programu safi ikianzia mahali pabaya itakata kosa, na italikata kwa usahihi mkubwa. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Mwanzo wa kazi ya CNC ni sifuri.

Mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Utepe umekwisha kuondoka na skrini imechukua nafasi yake, lakini jambo moja liko vilevile: mashine ya kawaida haioni kipande ulichokifunga. Ni kama kipofu anayehesabu hatua kutoka mlangoni. Umwambie mlango uko wapi, atafika. Umdanganye, atagonga ukuta.

Mashine ina sifuri mbili, na fundi hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ni sifuri ya mashine yenyewe. Imewekwa na mtengenezaji, na kwa kawaida mashine huitafuta inapowashwa kwa kupeleka kila mhimili hadi kwenye alama yake. Ya pili ni sifuri ya kazi, ambayo fundi huichagua juu ya kipande kilichofungwa kwenye jiliwa. Katika madaftari ya shule za ufundi zinazofundisha kwa Kifaransa, ya kwanza huandikwa OM na ya kipande huandikwa Op. Umbali kati ya hizo mbili ndio unaohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mashine chini ya G54. Baada yake kuna G55 hadi G59, kwa hiyo unaweza kufunga vipande sita mezani na kila kimoja kikawa na sifuri yake. Hatari yake iko wazi: ukipima chini ya G54 na programu ikaita G55, kisu kitakwenda kwenye sifuri ya kazi ya jana.

Tuchukue mfano. Tuna kibao cha chuma cha milimita 200 kwa 120, na mchoro unataka tundu lililo milimita 25 kutoka ukingo wa kushoto na 20 kutoka ukingo wa mbele. Sifuri tunaiweka kwenye pembe ya kushoto mbele, kwa sababu vipimo vya mchoro vimeanzia hapo. Tunafunga kigusio chenye kipenyo cha milimita 10, tunakisogeza polepole hadi kiguse ukingo wa kushoto, na skrini inasoma X hasi 412.350. Hiyo siyo namba ya ukingo. Ni namba ya katikati ya kigusio, ambayo bado iko milimita 5 nje ya chuma. Tunaongeza 5, tunapata hasi 407.350, na hiyo ndiyo sifuri ya X. Upande wa mbele tunasoma Y hasi 268.200; tukiongeza 5 tunapata hasi 263.200. Programu ikisema X25 Y20, mashine itakwenda hasi 382.350 na hasi 243.200, na tundu litakaa mahali pake. Ukisahau zile 5 za X, tundu litakuwa milimita 20 kutoka ukingoni, na kibao hicho ni chuma chakavu.

Mhimili wa Z, wa juu na chini, ndio unaovunja visu. Kila kisu kina urefu wake. Keekee ikiwa ndefu kuliko kisu ulichopimia kwa milimita 40, na mashine haijaambiwa, itashuka milimita 40 kupita inapotakiwa, itoboe kipande, jiliwa na meza. Kwa hiyo urefu wa kila kisu hupimwa na kuandikwa kwenye jedwali la mashine, na programu huuita kwa G43 pamoja na namba ya kisu hicho. Andika namba ya kisu chenyewe, wala usiikisie.

Kwenye mashine ya kukereza mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa katikati ya X inajulikana: ni mhimili wa mzunguko. Fundi hukereza kidogo, hupima kipenyo kwa mikromita, tuseme 48.62, kisha huiingiza namba hiyo kwenye jedwali la kisu. Sifuri ya Z mara nyingi huwekwa kwenye uso wa mwisho wa kipande.

Hapa kwetu lipo jambo ambalo vitabu hulitaja kwa nadra. Tangu shaba ianze kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, mji huu umeishi na pampu, winchi na mitambo ya kusaga mawe. Kazi nyingi zinazoletwa kwenye karakana, kuanzia Kampemba hadi Likasi, ni za kufufua kilichochakaa: shafti iliyolika, kifuniko cha pampu kilichopasuka, na mchoro haupo. Ukigusa ukingo uliolika, umeweka sifuri juu ya uongo. Kwanza tafuta sehemu ambayo kazi haikuigusa: kiti cha beringi kilicho kizima, tundu la katikati lililoachwa na fundi wa kwanza, au uso uliokuwa umefunikwa na gasketi. Kama ni tundu, funga kipimo cha saa kwenye spindeli, kizungushe ndani yake, usogeze meza hadi mshale utulie pande zote nne. Katikati ya tundu hilo ndiyo sifuri yako.

Umeme nao. Ukikatika katikati ya kazi, namba za G54 kwa kawaida hubaki salama kwenye kumbukumbu. Lakini mashine nyingi zisizo na vipimo vinavyolindwa na betri hupoteza mahali pao, na lazima zitafute tena sifuri ya mashine kabla hujagusa kitufe cha kuanza. Ondoa kisu kwenye chuma, irudishe mashine kwenye alama zake, kisha uguse kipande upya kuhakikisha.

Na joto. Chuma hurefuka karibu milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha nusu mita kikipanda nyuzi 15 hurefuka milimita 0.09, na kwa kiti cha beringi hilo ni kosa kubwa. Spindeli nayo hupata joto inapozunguka. Asubuhi za baridi ya Julai, iache izunguke bila kukata kwa muda ndipo upime.

Mwisho kabisa, kabla ya kukata, inua sifuri ya Z milimita 50 juu ya kipande na uendeshe programu hewani, mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu. Ni dakika chache.

Vijana wa shule za ufundi wa Haut-Katanga, nawaomba mzoee jambo moja: kila mkifunga kipande, andikeni kwenye karatasi ya kazi sifuri iko wapi, mmeigusa kwa kifaa gani, na iko chini ya G ngapi. Fundi wa zamu ya usiku hatawauliza mmelala wapi. Atasoma karatasi hiyo, na kazi itaendelea.