Mota ya Kukaushia Fimbo ya Kuvulia: Soma Lebo Kwanza

Pete za fimbo ya kuvulia, zile ambazo mshipi hupita ndani yake, hazishikizwi kwa skrubu. Miguu ya pete hulazwa juu ya fimbo, ikafungwa kwa uzi uliobanwa sawasawa, kisha uzi hupakwa epoksi ya kuchanganya, ile inayokuja katika chupa mbili. Wenye mashua za kupeleka wageni baharini kule Watamu na Shimoni wanaijua kazi hii, maana chumvi hula pete, na pete ikibadilishwa uzi hufungwa upya.

Uzi hautaabishi sana. Kinachotaabisha ni epoksi, kwa kuwa hukaa saa kadhaa ikiwa bado nzito kama asali. Ukiilaza fimbo mezani ukaenda kulala, epoksi yote huteremkia chini. Asubuhi unakuta nundu ngumu upande mmoja, na upande wa pili uzi umebaki karibu mtupu. Ndiyo maana fimbo huzungushwa polepole mpaka epoksi ishike, kwa muda wa saa tatu hadi sita kwa kawaida, na mafundi wengi huiacha izunguke usiku kucha. Mashine za kazi hiyo zinauzwa, lakini ukiivunjavunja moja utakuta mota ndogo, ubao na vishikio viwili. Anayejua kuchagua mota anaweza kujitengenezea yake.

Wengi huanza na drili, kwa sababu wanayo. Hata ile inayoweza kupunguzwa kasi haifai. Chukua fimbo yenye unene wa milimita 12. Ikizunguka mara 200 kwa dakika, epoksi iliyo juu yake husukumwa nje kwa nguvu inayofikia robo ya uzito wake. Hujikusanya katikati ya uzi na kuvimba, ncha zikabaki nyembamba. Fimbo hiyohiyo ikizunguka mara 6 kwa dakika, msukumo huo haufiki hata sehemu moja kwa elfu nne ya uzito wa epoksi, na inabaki kazi ya uvutano tu, ambao kila upande unaupata kwa zamu. Kwa kukaushia, tafuta mota ya mizunguko 4 hadi 10 kwa dakika. Mota ya waipa ya gari nayo iache: ina kasi ya mara kadhaa ya hiyo, inakula umeme mwingi, na nguvu zake ni za kusukuma mpira juu ya kioo kilicholowa, kazi ambayo fimbo haina.

Kwa kweli nguvu ndicho kitu cha mwisho cha kuhangaikia. Fimbo ya kawaida ina gramu mia chache tu, na uzito huo hubebwa na vishikio. Mota inahitaji tu kushinda ule uzito wa pete ulioelemea upande mmoja. Fimbo nzito za samaki wakubwa, zenye pete za magurudumu, huelemea zaidi, na hapo utaona kioja: pete hupanda taratibu, zikivuka juu fimbo inaanguka ghafla upande wa pili, kwa sababu gia za mota ndogo zina ulegevu kidogo. Usikimbilie mota kubwa. Funga kwa tepu kipande kidogo cha risasi au sarafu upande ulio mkabala na pete, karibu na mpini, na fimbo itatulia.

Mota ninayoipendekeza kwa wengi ni ile inayozungusha sahani ya kioo ndani ya maikrowevu. Ni bapa, inaenea kiganjani, ina gia zake ndani, na imeundwa kubeba sahani pamoja na bakuli la chakula. Lebo yake ndiyo ya kusoma kabla ya kulipa. Ikiandikwa volti 220–240, wati 3 au 4, na mizunguko 5/6, umeipata. Hiyo 5/6 ina maana mizunguko 5 kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, na 6 kwa umeme wa hezi 60 kama wa Marekani. Mota ya aina hii hufuata mapigo ya umeme wenyewe, kwa hiyo kasi haiyumbi hata volti zikishuka kidogo jioni. Huenda ikaanza kuzunguka kulia leo na kushoto kesho. Usishtuke, epoksi haijali.

Hatari iko kwenye mota zinazofanana nayo kwa sura. Zipo za volti 110–120, na zipo za volti 21 au 30. Ukizichomeka kwenye soketi ya 240, zinaungua.

Na kama unaitoa mwenyewe kwenye maikrowevu mbovu, chomoa plagi kwanza, kisha usifungue bodi. Ndani mna kapasita ya volti zaidi ya 2,000 inayoweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako, na chaji hiyo huua. Mota ya sahani iko chini kabisa, na maikrowevu nyingi zina kifuniko chake kidogo upande wa chini. Kama yako haina, mpe fundi.

Unapoishi mahali ambapo umeme hukatika usiku, mambo hubadilika. Fimbo ikisimama kwa saa nzima epoksi ikiwa mbichi, kazi imeharibika. Hapo nunua mota ya volti 12 yenye gia, iliyoandikwa mizunguko 5 hadi 10. Ikila ampea 0.2, usiku wa saa 12 unakula ampea-saa 2.4 tu, na betri ndogo ya ampea-saa 7 inautosha. Usiichanganye na ile mota ndogo inayochezesha mapezi ya kiyoyozi. Ukiona nyaya tano, jua inahitaji saketi ya kuiongoza. Betri peke yake haitaizungusha.

Kabla ya kuchanganya epoksi yoyote, funga fimbo kavu kwenye mashine, bandika kipande cha tepu juu yake, na uhesabu kinapita juu mara ngapi kwa dakika. Iache izunguke saa sita, kisha gusa mota. Ikiwa na uvuguvugu, endelea. Kidole kikishindwa kukaa juu yake, tafuta nyingine.