ULEZI-MWITU: MZAZI WA ULEZI NA ADUI WAKE

Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Neno hili lamhusu sana mkulima wa ulezi, ambao wengine huuita wimbi. Magugu mengi hujulikana mara yachipuapo. Lakini liko moja lenye sura ya ulezi wenyewe, nalo huachwa shambani, likala rutuba ya mimea mpaka siku ya kuvuna. Nalo ni ulezi-mwitu.

Asili na makao yake

Ulezi-mwitu ni nyasi ya mwaka mmoja: huota kwa mvua, huzaa, kisha hufa, na mvua nyingine huota tena kwa mbegu. Huonekana Afrika ya Mashariki na ya Kusini, kandokando ya njia, katika nyika, na zaidi penye udongo uliolimwa. Nyasi hii ndiyo mzazi wa ulezi tulao. Watu wa kale wa nyanda za juu, tangu Uhabeshi hata Uganda, walichagua miche isiyopukutisha punje, wakaipanda vizazi kwa vizazi, maelfu ya miaka kabla mahindi hayajaletwa pwani yetu baada ya mwaka 1500.

Namna ya kuutambua

Miche ikiwa michanga ni vigumu kuitenga. Lakini masuke yatokapo, tazama vema. Vidole vya suke la ulezi ni vinene, na mara nyingi hujikunja kama ngumi. Vya ulezi-mwitu ni vyembamba, navyo hutanuka kama kiganja kilichofunuliwa. Punje za ulezi ni za mviringo, nazo hubaki katika suke. Za ulezi-mwitu ni ndogo, ndefu kidogo, nazo hupukutika zikiiva.

Hasara zake

Kwanza, mbegu hudondoka kabla ya mavuno, na shamba huzidi kuharibika kila mwaka. Pili, ulezi-mwitu huweza kuzaana na ulezi; na baadhi ya wazao wao hupukutisha punje kama mzazi wa mwituni. Tatu, huweza kupatwa na ugonjwa ule ule wa ukungu uunguzao shingo ya suke la ulezi na kuacha makapi matupu.

Faida zake

Hata hivyo usidharauliwe. Ukiwa mchanga ni malisho ya ng'ombe, na wakati wa njaa watu wamekusanya punje zake wakala. Tena wataalamu wa mbegu huuhifadhi, kwa kuwa ndani ya mzazi zimo tabia ambazo mtoto amezipoteza.

Yampasayo mkulima

1. Chagua mbegu suke kwa suke shambani, kabla ya kuvuna. Usitwae tu mbegu iliyochanganyika ghalani.

2. Panda kwa mistari, mmoja mbali na mwingine yapata sentimita 30. Lolote liotalo katikati ya mistari ni gugu, hata likifanana na ulezi.

3. Palilia mapema, kisha pita tena masuke yatokapo, uking'oe kila kisicho ulezi. Mizizi yake hushika sana. Ngoja mvua ilainishe udongo.

4. Gugu lililokwisha zaa usilitupe katika samadi, wala usimpe ng'ombe, maana mbegu zitarudi shambani. Lichome moto.

Ulezi mkavu huhifadhika ghalani miaka mingi, nao ni akiba ya nyumba mvua ikosekanapo. Punje ipukutikayo shambani haitaingia katika ghala hilo kamwe. Basi mkulima na alitazame suke kabla halijaiva.