Mbinu za Anthropolojia katika Utafiti wa Watumiaji wa Maji: Mfano wa Kwa Vonza

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mbinu za anthropolojia ziwezavyo kumfaa mtafiti anayetaka kuwajua watumiaji wa kitu fulani pamoja na jumuiya yao. Mfano tuliouchagua ni maji, na mahali ni Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, katika barabara iendayo Machakos. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Hoja yetu ni moja: swali lisilozingatia lugha na maisha ya anayeulizwa huleta jibu la kupotosha, hata jibu hilo likiandikwa kwa tarakimu.

2. Asili ya Mbinu

Bronislaw Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand kati ya mwaka 1915 na 1918, ndiye aliyesisitiza kwamba mtafiti akae na watu, ajifunze lugha yao, na ashuhudie shughuli zao za kila siku. Mwanafunzi wake, Jomo Kenyatta, alidhihirisha mwaka 1938, katika kitabu chake juu ya Wagikuyu, kwamba mwenyeji naye aweza kuwa mtafiti wa jamii yake. Ukambani kwenyewe, Msweden Gerhard Lindblom alichunguza mila, sarufi na ngano za Wakamba, akachapisha tasnifu yake mwaka 1916.

Kuhusu maji, kazi maarufu ni Drawers of Water, ya Gilbert White, David Bradley na Anne White, iliyotoka mwaka 1972. Waliwachunguza watumiaji katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania, wakaeleza kwamba mtekaji haongozwi na umbali peke yake. Huangalia pia hali ya maji na uhusiano wake na watu wengine.

3. Maneno na Maana

Tuchukue swali la kawaida la hojaji: "Mwaka jana kaya yako ilitumia mitungi mingapi kwa siku?" Swali hili laonekana rahisi, lakini lina matatizo matatu.

Kwanza, neno "mwaka". Mkulima wa Kitui huhesabu misimu miwili ya mvua: mbua ya nthwa, inyeshayo kati ya Oktoba na Desemba, na mbua ya uua, kati ya Machi na Mei. Mvua ikiisha kunyesha, maji huwa karibu. Kiangazi kikikomaa, watu huchimba mchanga wa mto mkavu wakiyatafuta. Wastani wa mwaka huificha tofauti hiyo, nayo ndiyo shida yenyewe.

Pili, neno "kaya". Mkamba ana musyi, yaani boma, ambamo mna nyumba kadhaa, na kila nyumba yaweza kuwa na jiko lake na mitungi yake. Je, anayejibu ahesabu ipi?

Tatu, ni nani anayejibu? Kwa desturi mgeni hupokewa thome, barazani pa wanaume. Lakini wanaoteka maji kwa kawaida ni wanawake na watoto. Mtafiti anayeishia thome atapata habari za mnywaji, si za mchukuaji.

4. Kushuhudia kwa Kushiriki

Dawa yake ni kufuatana na watekaji. Mtafiti aende nao mtoni alfajiri, ahesabu mitungi, apime muda wa foleni, aangalie nani humpisha nani, asikilize maneno yanayotumika. Kisha aulize juu ya yale aliyoyaona.

Faida yake yaonekana katika mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hujengwa kukingama mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake na kuyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Mara nyingi kazi hufanywa na mwethya, kikundi cha ujirani cha kusaidiana. Mhandisi hupima mwamba na mchanga. Mwanaanthropolojia huuliza: shamba la nani limepakana na bwawa? Wakati wa ukame nani huruhusiwa kuteka? Pampu ikiharibika, nani huitisha mchango? Maswali haya yasipojibiwa mapema, ukuta waweza kusimama imara, na bado aliye mbali akakosa maji.

5. Mipaka na Wajibu

Yafaa ikumbukwe kwamba mambo yaliyoshuhudiwa katika utui mmoja hayathibitishi hali ya Kitui nzima. Kwa hiyo hojaji isitupwe, bali itungwe baada ya kushuhudia, kwa maneno ya wenyeji.

Aidha, mtafiti awe na kibali cha serikali, na zaidi ya hayo, ridhaa ya watu wenyewe. Majina na siri zao azihifadhi. Mwisho arudi kuwaeleza matokeo kwa Kikamba, wapate kumsahihisha. Mama aliyeiacha kazi yake ili ajibu maswali anastahili kujua majibu yake yamefanyiwa nini. Asipoambiwa, mtafiti atakayefuata ataambiwa yale tu anayotaka kuyasikia.