Tapeli Anapoamkia

Utapeli wa simu dhidi ya wazee huanza kwa heshima. "Shikamoo mama," husema sauti ya kijana, na mama huitikia marahaba. Kwa mtu aliyelelewa kwamba anayekuamkia husikilizwa hadi mwisho, kukata simu hapo ni utovu wa adabu. Matapeli wanalijua hilo vizuri.

Nchini Tanzania, M-Pesa iliingia mwaka 2008, na tangu hapo wazee wengi wa vijijini hupokea matumizi kutoka kwa watoto wao bila kusubiri mtu wa kuwaletea bahasha. Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kuwaibia. Hila ya kawaida ni hela "iliyokosewa": ujumbe unaingia, unafanana kabisa na ule wa muamala, kisha mtu anapiga akilia kwamba ilikuwa hela ya mgonjwa. Mzee mwenye huruma huirudisha kabla ya kutazama salio, kumbe hakuna hata senti iliyoingia.

Wengine huuza dawa. Dawa moja inasifiwa kwamba inatibu presha, kisukari na maumivu ya miguu, na bei inashuka kadiri mzee anavyosita. Akituma malipo ya awali, inadaiwa nauli ya mzigo. Akituma nauli, linazuka jingine. Dawa zinazoruhusiwa kuuzwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na hakuna hata moja inayoponya yote hayo.

Hila mbaya kuliko zote ni ile ya kuelekezwa kubonyeza. Mpigaji hujiita mtu wa huduma kwa wateja, au ofisa wa pensheni anayeshughulikia mafao. Anamfungulisha mzee menyu ya pesa, anamtajia namba ya simu, kisha anamwambia aandike 185000, eti ni namba ya uthibitisho. Zile tarakimu ni shilingi. Mzee anapoweka namba ya siri, amekwisha kuihamisha hela yake mwenyewe kwenda kwa mwizi.

Baada ya hapo hufuata kimya, kwa sababu mzee huona haya na huogopa kuambiwa amezeeka akili. Kimya hicho humpa tapeli nafasi ya kurudi. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni familia isiyomkaripia aliyeibiwa. Ya pili ni makubaliano mepesi: kabla hela haijatumwa kwa mtu asiyejulikana, mzee anampigia kwanza mwanawe au jirani mmoja aliyechaguliwa. Mzee naye aambiwe waziwazi, na watoto wake mwenyewe, kwamba kumkatia simu mtu asiyejulikana anayetaka hela si kukosa adabu. Namba ya siri isikae kwa mjukuu wala kwa wakala.

Usajili wa laini kwa alama za vidole haukumaliza tatizo, maana matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Kwa kupiga *106#, mzee anaweza kusaidiwa kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Hela ikishakwenda, kampuni ya simu ipigiwe kwa namba 100 papo hapo ili muamala uzuiwe, kisha ndipo polisi. Hela ambayo tapeli amekwisha kuitoa kwa wakala ni nadra sana kurudi.