Kitasa cha Liva (2): Kufungua Bila Ufunguo

Wiki iliyopita tulikifungua kitasa cha liva kwa bisibisi, tukaona kilichomo: ulimi, kijiti cha chuma kilichosimama juu yake, na mabamba membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja na springi yake. Mabamba hayo ndiyo liva. Kila liva ina pengo, na mapengo yote yasipokaa mstari mmoja kijiti hakipiti, wala ulimi haurudi nyuma. Meno ya ufunguo huinua kila liva hadi kimo chake. Na kimo hicho hakina msamaha: tangu Robert Barron wa London alipotoa kitasa chake mwaka 1778, kuinua mno kumekuwa kosa sawa na kutoinua kabisa.

Leo tujibu swali ambalo huulizwa kila jambo hili linapotajwa. Mtu mwaminifu anajifunza ya nini kufungua kitasa bila ufunguo?

Turudi Uingereza, mwaka 1817. Bohari za jeshi la majini huko Portsmouth ziliibiwa kwa funguo bandia, na serikali ikatangaza zawadi kwa atakayebuni kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akaleta kitasa chenye kitambuzi: mgeni akiinua liva kupita kiasi, springi inanasa na kitasa kinagoma, hata mwenye nyumba akija na ufunguo wake halisi anajua kuwa kuna mtu alijaribu. Kitasa kilipelekwa kwa mfungwa aliyekuwa katika meli iliyogeuzwa gereza bandarini hapo, naye kwa kazi yake alikuwa fundi vitasa. Aliahidiwa msamaha na fedha. Alihangaika nacho kwa wiki nyingi, mwisho akasalimu amri.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Waingereza walilala wakiamini neno hilo limekwisha. Ndipo mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, akafika Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Katika nyumba moja ya Westminster, mbele ya mashahidi, alikifungua kitasa cha Chubb kwa dakika 25, kisha akakifunga tena kwa dakika 7, na kitambuzi hakikunasa. Kisha aliukabili mwito wa Joseph Bramah wa kufungua kitasa chake, uliokuwa umetundikwa dirishani mwa duka la Piccadilly kwa miongo kadhaa, wenye zawadi ya gini 200. Kitasa hicho hakikuwa cha liva, nacho kilimchukua saa 51 zilizogawanyika katika siku 16. Lakini alikifungua.

Magazeti yalichacha. Wako waliosema Hobbs anawafundisha wezi. Jibu limo katika kitabu cha 1853 kilichohaririwa na Charles Tomlinson kutokana na maelezo ya Hobbs mwenyewe: wezi wa kazi hiyo wanajua tayari, anayefichwa ni mnunuzi peke yake. Nakubaliana nalo kabisa. Baada ya Hobbs, watengenezaji hawakuweza tena kujivunia jina tu. Ilibidi wakae chini na kuboresha. Liva tano zinazotakiwa leo katika vitasa vingi vya nyumba za Uingereza, zenye vizuizi dhidi ya mkono wa mjuzi, zina deni kwa watu wa namna yake.

Sasa mkono unajifunzaje? Kitasa hubanwa kwenye jiliwa, si mlangoni. Waya mmoja huusukuma ulimi kidogo sana, wa pili huinua liva. Kama kitasa kingetengenezwa bila dosari hata chembe, kazi isingewezekana. Lakini hakuna kiwanda kinachokata mabamba yakalingana kabisa, kwa hiyo kijiti huigandamiza liva moja kabla ya nyingine. Hiyo ndiyo ya kutafutwa. Liva iliyo huru hurudi chini mara uiachiapo, springi ikiusukuma waya. Iliyobanwa hugoma, hupanda kwa kukwaruza, kisha ghafla ulimi unasogea kiasi cha unywele na liva inabaki juu. Kidole husikia kabla ya sikio.

Anayeanza aziondoe liva zote abakishe moja, mfuniko ukiwa wazi, aone kwa macho kile ambacho kesho atakigusa gizani. Akiizoea arudishe ya pili. Wengi hushindwa kwa sababu moja: wanausukuma ulimi kwa nguvu mno, liva zote zinabanwa pamoja, na waya unakuwa kiziwi.

Masharti ni mawili, nayo hayana mjadala miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu popote. Usiguse kitasa kisicho chako, na usijaribie kitasa kinachotumika, hata kama ni chako. Kinaweza kuharibika ukajifungia nje ya nyumba yako. Vilevile vifaa vibaki mezani. Kenya na Tanzania, mtu akikutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba, anaweza kutakiwa aeleze sababu halali, na mazoezi ya burudani ni utetezi mgumu kumweleza askari barabarani saa sita za usiku.

Wiki ijayo: mapengo ya uongo yaliyochongwa kwenye liva ili kumdanganya mfunguaji, na namna kidole kinavyoyatambua.